Kamba Iliyougua Homa

Siku za mbali mno, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba, wanapika jikoni na kudamka kwenda kazini kama tunavyofanya sisi, palikuwa na karakana ya kamba kando ya Mto Lukwale. Ungelipita njia ile wakati huo ungelisikia gurudumu likilia kwiri, kwiri, kwiri, ungelinusa katani mbichi iliyoanikwa juani, na usingelikwenda zako bila kuitwa kuonja uji.

Humo alifanya kazi Mama Pimbi. Pimbi ni mnyama wa miambani, mdogo kama sungura, mwenye masikio mafupi na meno makali, na hakuna mnyama anayependa kuota jua kumshinda. Kamba ikishasokotwa hubaki na nywele nywele; kazi yake ilikuwa kuzikata kwa meno na kuzifunga ncha zisifumuke. Mama yake aliifanya kazi hiyo kabla yake, na bibi yake pia.

Wenzake walikuwa wanne. Nungunungu alichana katani kwa miiba yake hadi nyuzi zikanyooka kama nywele za bibi harusi. Punda alizungusha gurudumu. Kima, mwenye mikono mirefu, alizishika nyuzi na kuzisokota huku akirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wa uwanja. Na Kobe alitembea juu ya kamba iliyokamilika, polepole, kutoka ncha hadi ncha, akiilainisha kwa uzito wake. Huyo Kobe alikuwa rafiki wa Mama Pimbi tangu utotoni.

Kila mwaka, kabla ya masika, hao watano walitengeneza kamba moja kubwa. Ilifungwa kwenye mti ng'ambo hii na kwenye mti ng'ambo ile, na maji yalipojaa wanyama walivuka wakiishikilia. Watoto walivuka hivyo kwenda shule, wagonjwa walivuka hivyo kwenda kwa mganga.

Enzi za Mzee Ndovu, msimamizi wa kwanza, kazi hiyo ilikuwa ngumu lakini haikuwa nzito. Mama Pimbi ndivyo alivyokuwa akisema, na aliyemwuliza tofauti yake alimjibu kwamba ngumu huumiza mikono, nzito huumiza moyo. Asubuhi Mzee Ndovu alimpitia kila mmoja, akamsalimu na kumwuliza ameamkaje. Kisha, na hili ndilo Mama Pimbi alilolikumbuka kuliko yote, alisimama kusubiri jibu.

Jua lilipofika utosini, gurudumu lilinyamaza. Uji wa mtama uliteremshwa kutoka mekoni, kata ikazunguka, na waliokunywa wakajilaza kwenye banda mpaka kivuli kilipoanza kurefuka. Walipoamka waliimba, na wakaimba wakisokota:

Sokota taratibu, usokote na mwenzio,
mto una haraka, sisi tuna nyuzi zetu.

Mzee Ndovu mwenyewe hakujua kuimba. Alipiga mguu chini tu, du, du, du, na Kima akarudi nyuma kwa kufuata mguu ule. Ndiyo maana kamba zao zilikuwa sawasawa kama zimesokotwa na mkono mmoja. Jioni walirudi nyumbani wamechoka, lakini ulikuwa uchovu wa mtu kula chakula akalala.

Mzee Ndovu alipofariki, baraza la wanyama lilikaa na kumchagua Nyati. Hakuna aliyemchukia Nyati. Alikuwa na nguvu, hakuwa mvivu wala mwongo, na alitaka sana kufanya vizuri. Lakini alitoka nyanda za mbali, hakuwahi kusokota hata uzi wa kufungia kuni, na aliona kazi kama aonavyo mlima: unainamisha kichwa, unasukuma.

Wiki ya kwanza alikuta watu wake wamelala mchana, akashangaa. Akasema saa za kulala ziko usiku. Wiki ya pili alikataza nyimbo, kwa kuwa mdomo ukiimba, alisema, mikono husahau. Chungu cha uji nacho kikaondolewa. Kila mmoja ale akiwa amesimama, kazini kwake. Na asubuhi, badala ya salamu, akaweka ngoma mlangoni na kuipiga ndi, ndi, ndi hadi kila mmoja awe mahali pake.

Kamba ya mwaka huo ilimalizika mapema kuliko zote. Nyati alifurahi mno. Ikafungwa mtoni, masika yakaja, na siku ya nne tu ikakatika. Mtoto wa Swala alikuwa ameishika. Maji yalimchukua akipiga kelele hadi kwenye bonde la matete, na huko akanaswa, wakamtoa akiwa hai, amemeza tope, anatetemeka.

Baraza likamwita Nyati. Likamwambia kwamba ikikatika kamba nyingine, karakana itafungwa, na vijiji vya kando ya mto vitahama. Kesho yake ngoma ililia kabla hata ya jogoo.

Na hapo, wanangu, ndipo kazi ilipokuwa nzito kwelikweli. Nyati hakuwapiga wala kuwatukana. Alisimama nyuma ya kila mmoja, akihema, akitazama. Alimwuliza Kima mara kumi kwa siku kama kamba ni imara, na kila alipomwuliza uzi ulimponyoka Kima. Nungunungu alianza kudondosha miiba. Asubuhi ungeikuta imetapakaa alipokaa, myeupe na myeusi, naye akiokota kwa haraka kabla haijaonekana. Punda aliota kidonda begani, akawa haongei.

Lakini aliyemwumiza Mama Pimbi zaidi ni Kobe. Siku moja Kobe alimaliza kazi, akaingia ndani ya gamba lake, hakutoka. Ngoma ikilia alitoa miguu tu na kutembea juu ya kamba. Kichwa kilibaki ndani. Siku sita Mama Pimbi alizungumza na gamba. Alimkumbusha siku walipokuwa wadogo, wakachovya mikono kwenye chungu cha uji wa Mzee Ndovu, na Ndovu akajifanya hawaoni. Gamba halikujibu.

Siku ya saba Punda alianguka. Gurudumu lilikwama, kwii, na Punda akaenda chini na kubaki hapo, akitazama mbele tu. Wenzake walimwinua, wakampa maji. Mama Pimbi aliacha kazi yake, akaenda moja kwa moja kwa Nyati, akamweleza yote: bega la Punda, miiba ya Nungunungu, kichwa cha Kobe. Akamwomba walau mapumziko ya mchana.

Nyati alimsikiliza. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalitazama mtoni muda wote.

"Kamba imebaki pima ngapi?" akauliza.

Mama Pimbi akamwambia zimebaki pima arobaini. Nyati akasema basi hakuna nafasi ya kupumzika, masika hayamsubiri Punda. Akarudi kusimama nyuma ya Kima.

Jioni ile Mama Pimbi alipanda kwenye mwamba wake, akakaa pale jua linapofikia mwisho. Alilia kidogo. Kisha, kwa kuwa pimbi hawezi kulia na kufikiri pamoja, aliacha kulia. Akafikiri juu ya Nyati. Alimweleza habari za Punda, akaulizwa habari za kamba. Alimweleza habari za Kobe, akaulizwa habari za kamba. Mnyama huyu sikio lake lina tundu moja tu, akajiambia, na tundu hilo limesokotwa kwa katani.

Basi nitapitia humo humo.

Siku ya pili yake, saa saba mchana, jua likiwaka hadi mawe yanapasuka, Mama Pimbi alikwenda kwa Nyati akitembea kwa taadhima kama mtu aliyetoka msibani. Akamwambia ana habari mbaya, na kwamba yeye ni wa kizazi cha tatu katika kazi hiyo na hajawahi kuona jambo kama lile. Nyati akasimamisha masikio.

"Kamba inaumwa, Bwana Nyati."

Nyati akacheka kwa pua. Mama Pimbi hakucheka. Akampeleka pale kamba ilipolala uwanjani, juani, tangu alfajiri, akamwomba aiguse. Nyati akaiwekea pua. Ilikuwa moto. Akaiondoa pua haraka.

Mama Pimbi akasema kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni homa. Akamwonyesha vipande viwili. Kimoja kilikuwa kimesokotwa asubuhi, kingine jana yake alasiri, mikono ya Kima ilipokuwa imekufa ganzi. Akamwambia avivute. Cha asubuhi Nyati alikivuta hadi shingo ikamvimba, hakikukatika. Cha alasiri kilikatika pu, mara moja.

Nyati alibaki ameshika vile vipande viwili. Mama Pimbi alimwona akijaribu kukiunganisha kile kilichokatika, na kwa mara ya kwanza alijisikia vibaya, kwa maana hakuwa amezoea kusema uongo. Lakini alikumbuka gamba la rafiki yake, akakaza moyo.

Nyati akauliza dawa yake.

Mama Pimbi akasema dawa ipo, lakini ni ya masharti, na Mzee Ndovu aliifuata maisha yake yote. La kwanza, kamba haitakiwi kuwa juani mchana. Jua likifika utosini iingizwe bandani, ilale.

Hilo Nyati alilikubali. Akasema wataiingiza, kisha wafanyakazi waendelee na kuchana katani nyingine. Mama Pimbi akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba kamba ambayo haijakamilika ni kama mtoto mchanga. Ukiilaza ukaiacha peke yake itajifumua kwa hofu. Wale wale walioishika lazima walale nayo, ncha zikiwa chini ya mbavu zao, na wasiongee habari za kazi, kamba isije ikasikia.

Nyati hakuwa mjinga. Akasema kwanza aone. Wakaiingiza kamba bandani, wakaiacha ncha, ambayo Mama Pimbi alikuwa hajaifunga, bila mtu. Nayo kamba, kama mjuavyo ninyi mliowahi kusokota uzi, ikaanza kuzunguka yenyewe. Firiri, firiri, firiri. Nyuzi zikaachana, ncha ikavimba kama mkia wa paka aliyeogopa.

Nyati akaruka nyuma. Akawaamuru wote walale hapo hapo.

Walilala. Wanangu, hamjui usingizi huo. Punda alikoroma kabla kichwa hakijafika chini. Kima alilala mikono imefunguka. Nungunungu alilala chali, jambo ambalo nungunungu hulifanya akiwa na amani tu. Nyati alikaa mlangoni kulinda kamba isishtuke, na kila nzi aliyepita alimfukuza kwa mkia.

Siku tatu baadaye Mama Pimbi akaleta sharti la pili. Akasema homa imeshuka lakini kamba ina vinundu, kwa kuwa anayeisokota hana kipimo, na kipimo chake ni wimbo. Nyati akauliza kama lazima uwe wimbo. Mama Pimbi akasema kuna dawa za kunywa na dawa za kupaka, na hii ni ya kusikia.

Alasiri hiyo wakasimama mahali pao, wakatazamana. Walikuwa hawajaimba kwa zaidi ya mwaka. Kima alianza, sauti ikamkatika. Nungunungu akaipokea. Punda akaanza kuzungusha gurudumu taratibu, na lile kwiri, kwiri likaingia katikati ya maneno pale pale lilipokuwa likiingia zamani. Mama Pimbi aliimba mstari wa kwanza na kushindwa wa pili. Aliona wazi miguu minne mikubwa ya Mzee Ndovu, vumbi juu ya kucha zake, na ilikuwa kana kwamba akigeuka atamkuta.

Aligeuka. Nyuma yake Kobe alikuwa juu ya kamba, na kichwa kilikuwa nje. Mdomo wake ulikuwa ukifunguka na kufungika. Alikuwa anaimba.

Waliimba mpaka wimbo ukaisha, wakaanza tena.

Sharti la tatu lilikuwa gumu zaidi, na Mama Pimbi alilala nalo siku mbili akilipima. Mwishowe akamwambia Nyati kwamba kamba inaogopa ngoma. Asubuhi ipitiwe, isalimiwe kwa upole, iulizwe imeamkaje, na anayeiuliza asiondoke kabla ya jibu.

Nyati akauliza kamba itajibuje nayo haina mdomo. Mama Pimbi akasema atajibu yule aliyeishika, kwa kuwa kamba huingiza habari zake mikononi mwake. Basi asubuhi ile mlima mzima wa Nyati ulisimama mbele ya Punda, ukainama, ukaona haya, ukatazama huku na huku, halafu ukaiuliza kamba imeamkaje.

Punda alimtazama Mama Pimbi. Mama Pimbi alikuwa anatazama mawingu.

"Nimeamka vibaya," Punda akasema polepole. "Bega la kushoto linaniuma."

Nyati alitafakari sana. Akauliza bega la kamba liko upande gani. Mama Pimbi akamwambia ni pale anapogusa Punda. Nyati akaagiza mafuta ya nyonyo, yakapakwa hapo, na ili kuwa na hakika akaamuru Punda abadilishe upande wa nira na apumzike kila baada ya pima moja.

Kwa Nungunungu kamba ilisema ina mtoto mwenye surua, haikulala wiki nzima. Nyati hakuelewa, lakini aliiruhusu iende nyumbani mapema, na kwa kuwa kamba haiwezi kwenda peke yake, Nungunungu akaenda nayo kipande. Kwa Kobe kamba ilisema paa lake linavuja. Kwa Kima ilisema inaogopa kuulizwa kila saa kama ni imara. Nyati akakwaruza ardhi kwa kwato, na tangu siku hiyo hakusimama tena nyuma ya Kima.

Wiki zikapita hivyo, na pima zote zilizosokotwa alasiri za wakati wa ngoma zikafumuliwa na kusokotwa upya. Miiba ya Nungunungu ikaota upya. Chungu cha uji kilirudi bila sharti lolote. Nyati mwenyewe alisema kamba huenda ikapenda harufu yake. Na ajabu ni kwamba pima zilizosokotwa kwa siku zilikuwa nyingi kuliko za wakati wa ngoma, na kila moja ilikuwa sawasawa na mwenzake.

Zikabaki siku mbili kamba ifungwe mtoni. Maji yalikuwa yameanza kubadilika rangi, maana huko milimani mvua ilikuwa imeshanyesha. Asubuhi Nyati alipita kama kawaida. Alikuwa ameizoea kazi hiyo, hakuona tena haya. Akafika kwa Kima, akauliza kamba imeamkaje.

Kima alikuwa na furaha iliyomzidi kimo. Akasahau.

"Salama kabisa, Bwana Nyati. Mke wangu amejifungua mapacha."

Gurudumu likasimama.

"Kamba ina mke?" akauliza Nyati.

Kima alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na kamba ikamwanguka. Punda akakohoa. Nyati aligeuka polepole, akawatazama mmoja mmoja. Alitazama bega la kushoto la Punda, lenye kovu linalong'aa mafuta. Alimtazama Nungunungu, akakumbuka surua. Alimtazama Kobe, akakumbuka paa. Kichwa chake kikubwa kilikuwa kinasokota uzi baada ya uzi, na mwisho wa uzi huo alimkuta Mama Pimbi.

Akamwita mbele. Mama Pimbi alikwenda. Alihesabu kila hatua, kwa kuwa alijua anayefukuzwa karakana hatarudi, naye hakuwa na mahali pengine alipopapenda hapa duniani.

"Kamba hii iliwahi kuugua?"

Angeweza kusema uongo mwingine. Alikuwa nao tayari, mzuri, wenye mkia. Lakini alikuwa amechoka nao.

"Haikuwahi, Bwana Nyati. Waliougua ni hawa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Punda alipoanguka nilikuja, nikakueleza habari za wagonjwa watatu. Ukaniuliza zimebaki pima ngapi."

Hasira ikampanda Nyati, ile hasira ya aliyechekwa, na uwanja mzima ukasikia. Akasema amefanywa mjinga mbele ya kila mtu, amesalimia katani wiki tatu. Akasema mbaya zaidi ni kwamba sasa hajui kama kamba ni nzima au la, kwa maana yote aliyoambiwa juu yake ni uongo. Na kesho kutwa watoto wataishika. Sauti yake ilipofika kwenye neno watoto ilibadilika, ikawa nyembamba, na Mama Pimbi akainua macho.

Nyati hakumalizia. Aliibeba kamba yote mabegani, akateremka nayo mtoni. Wakamfuata wakikimbia. Akafunga ncha moja kwenye mti wa huku, akaishika nyingine mdomoni na kuogelea nayo hadi ng'ambo kabla mkondo haujawa mkali, akaifunga huko. Kisha akaingia tena majini, yeye, mnyama mzito kuliko wote wa kijiji, akaikamata kamba kwa pembe zake na kuanza kurudi, akiilalia kwa makusudi.

Nungunungu alimsihi atoke. Hakusikia, au alisikia akapuuza.

Alikuwa katikati mto uliposhuka na gogo. Lilimpiga ubavuni, bum, miguu yake ikatoka chini. Uzito wote wa Nyati ukaning'inia kwenye kamba ile, maji yakimvuta, na kamba ikalia ngiiii, ikanyooka, ikawa nyembamba kama inataka kutoweka. Mama Pimbi alikuwa anaijua kwa meno yake, kila shubiri. Alijua pima hii ilisokotwa siku ya wimbo wa kwanza, na pima ile siku Punda alipopakwa mafuta. Hakuomba. Alihesabu tu, pima kwa pima.

Kamba haikukatika. Haikutoa hata unywele. Nyati alipata ardhi, akavuta pumzi, akavuka sehemu iliyobaki hatua kwa hatua, akatoka na kuketi kwenye tope akichuruzika maji.

Wote watano walisimama wakimzunguka. Nyati akaanza kuongea, na hakuwa akimtazama yeyote.

"Sijalala usiku mzima tangu mtoto wa Swala achukuliwe na maji. Nikifumba macho namsikia. Nimelala mchana tu, pale bandani, mlipolala ninyi. Nilidhani nailinda kamba."

Mama Pimbi akaketi kando yake kwenye tope. Aliona haya, na haya hiyo haikuwa ya uongo aliosema. Alikuwa ameona miiba inayodondoka na bega lenye kidonda, akaona hata kichwa kilichojificha ndani ya gamba, lakini macho mekundu yaliyokuwa yakitazama mto kila siku hakuyahesabu kuwa ugonjwa. Akamwambia hivyo. Akamwomba radhi kwa kumfanya asalimie katani, ingawa, alisema, aliisalimia vizuri.

Punda akacheka kwanza. Kicheko cha punda mnakijua, hakifichiki. Kima akafuata, kisha Kobe kwa mikohoo yake midogo. Nyati alijizuia kadiri alivyoweza, halafu tope lote la mabegani likaanza kuruka.

Walipotulia, Nyati alimwambia Mama Pimbi kwamba abaki kazini, lakini siku nyingine akiwa na la kusema amwambie yeye, asilipitishe kwa kamba. Mama Pimbi akasema atakubali ikiwa Nyati atasikia mara ya kwanza. Nyati akasema mara ya kwanza hawezi kuahidi, shingo yake ni ngumu. Wakapatana mara ya pili. Kisha wakamwacha akauke juani, nao wakaenda kumtazama mke wa Kima na mapacha wake.

Masika yale yalikuwa makali kuliko yote yaliyowahi kusimuliwa, na kamba ilivusha kila mtu. Mtoto wa Swala naye alivuka, mama yake akiwa nyuma na Nyati akiwa mbele.

Nyati hakuwa Ndovu, na hakuwahi kuwa. Salamu zake zilikuwa za kelele, uji wake ulishika masizi, na akipiga mguu kufuata wimbo alikosea kila mara, du, halafu kimya, halafu du, du. Mama Pimbi aliona pengo la Mzee Ndovu hadi mwisho wa siku zake. Lakini alipozeeka, meno yamechakaa, alikuwa akishuka mwambani mchana kuja kulala bandani na wenzake, na wageni walipouliza yule bibi asiyefanya kazi anatafuta nini hapa, Nyati aliwaambia wapunguze sauti.

Nimewavusha hadi ng'ambo, wanangu, basi shikeni hili moja: ukitaka kamba isikatike, mtunze anayeisokota.